Kekee ya Mama wa Ipole

Mwaka niliochumbiwa, mama mmoja wa Ipole aliteremka kwenye lori la asali pale sokoni Tabora, akaulizia nyumba ya mfua fedha, akaelekezwa kwetu Kanyenye. Nakumbuka alivyoingia kwa sababu hakukaa. Mama yangu alimtandikia mkeka ukumbini, naye akashukuru, akabaki amesimama na kapu lake mkononi, akiegemea mguu huu mara ule, kama abiria anayeogopa kuachwa na treni. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe kichwani kama walivyofunga wanawake wa Kimoravian.

Baba yangu alifanyia kazi chumba cha mbele, mlango ukitazama njia. Karibu kila hereni, kipini na mkufu wa fedha uliovaliwa Kanyenye ama ulitoka mikononi mwake, ama uliwahi kupita hapo kutengenezwa. Mimi nilikuwa mtoto wa mwisho na ndimi pekee niliyebaki nyumbani. Kaka zangu wawili walikuwa Kigoma wakifanya kazi.

"Shikamoo, fundi," yule mama akasema.

"Marahaba, mama. Karibu. Habari za Ipole?"

"Za Ipole nzuri. Zangu ndizo zilizonileta."

Akatoa kapuni mkono wa shati la kiume, uliochanwa begani na kufungwa fundo ncha zote mbili. Alifungua fundo moja, akaumimina mkono ule juu ya meza ya baba bila kugusa kilichokuwa ndani. Ikaanguka kekee. Ilikuwa bangili pana ya fedha, upana wake kama vidole vitatu, yenye bawaba na kipini cha kufungia, na imezungushiwa maua ya nakshi.

"Naomba uiyeyushe," akasema. "Isibaki hivi ilivyo."

Baba aliichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Aliigeuza polepole, akapitisha kidole gumba juu ya maua, akarudia. Alipogeuka nilimwona uso umebadilika. Nilidhani ameogopa.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu. Alinivisha siku niliyoolewa."

Ndipo akatuhadithia, bado amesimama. Alisema kekee ile ilikuwa ya mke wa mfanyabiashara wa pwani, aliyesafiri na msafara wa mumewe zamani za pembe za ndovu. Njiani, kabla ya kufika Ipole, yule mke akashikwa na homa. Msafara haukumngoja. Aliachwa chini ya kibanda cha matawi, na kiongozi wa wapagazi akarudi nyuma kumvua kekee ilhali bado anapumua. Yule mwanamke akamwambia, "Mmenikataza kupumzika. Basi kila atakayeivaa asitulie mahali." Yule kiongozi akampa mkewe. Siku moja mkewe aliacha sufuria mekoni inachemka, akatoka, akafuata njia ya magharibi, asionekane tena. Ikaenda kwa mwanamke wa pili, akahama nyumba saba, ya saba ikamteketea. Wa tatu alikutwa Ujiji, mbele ya ziwa, hajui jina lake wala kwao.

"Na wewe je?" mama yangu akauliza.

"Mimi mtoto wangu wa kwanza alikufa na surua. Wa pili, msichana, alimfuata askari, sijui wako wapi. Na miaka minne iliyopita mume wangu aliingia porini kurina asali, hakurudi. Tulimtafuta wiki tatu. Hata mfupa hatukuuona."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Kisha akamgeukia baba. "Mchungaji anasema ni chuma tu. Nami najiambia hivyo hivyo. Lakini nikiwa nayo ndani siwezi kukaa. Hata chakula nakula nikitembea. Itengeneze kitu kingine, fundi, chochote, mradi kisiwe cha kuvaa. Itakayobaki ni ya kazi yako."

Baba akamwambia arudi keshokutwa. Alikuwa na ndugu Itetemia, akaenda kulala huko. Siku ya pili yake baba alijifungia, tukasikia mivukuto na nyundo mpaka alasiri. Yule mama aliporudi alikuta vijiko vitatu vya fedha vimepangwa juu ya kitambaa. Alikishika kimoja, akakitia mdomoni kikavu, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Siku hiyo alikaa. Alikunywa chai vikombe viwili, akampigia mama yangu hadithi za nyuki, halafu akaenda zake kulidaka lori.

Kama ningelinyamazia hilo, huenda kisa kingeishia hapo. Sikunyamaza.

Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na soko. Nilikuwa nimemwona mara chache, na kwa mbali. Aliyekuwa akija kwetu ni dada yake, ambaye nilikwisha kumwita wifi. Alasiri moja alikuwa ananisuka uani, anasifu vikuku ambavyo baba alikuwa amevimaliza wiki ile kwa ajili ya harusi yangu. Nami nikataka na mimi niwe na jambo la kumshangaza. Nikamsimulia habari ya mama wa Ipole, mwanzo mpaka mwisho, na pale pa kiongozi wa wapagazi nikaongeza chumvi kidogo. Nilipofika kwenye vijiko alisimamisha mikono kichwani mwangu.

"Vijiko vitatu," akasema. "Na kekee yote pana vile?"

"Iliyobaki ilikuwa ya baba."

"Iliyobaki akaifanyia nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiria. Alimaliza kunisuka haraka haraka, upande wa kushoto ukawa umelegea, akaaga kabla ya chai.

Siku tatu hazikupita, mke wa mwoka mikate akawa mlangoni na hereni zake kwenye kiganja. Mwanawe alikuwa ameanguka na baiskeli, akavunjika meno mawili. Alitaka kujua hereni zile zilitengenezwa kabla au baada ya mama wa Ipole.

"Baada," baba akasema, "lakini hazihusiani. Fedha yako ni nyingine."

"Nyingine ipi, fundi? Si zote unaziyeyusha chungu kimoja?"

Akaziacha mezani, akaondoka. Akafuata mke wa mwalimu wa madrasa na kipini chake. Paa lao lilikuwa limeezuliwa na upepo. Akaja bibi mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akiuza tumbaku, pete yake mkononi, kwa sababu ng'ombe wake wawili walikuwa wametoroka. Mji ulianza kujikagua. Mambo ambayo mwaka uliopita yangeitwa mvua, homa au uzembe, sasa yalipewa asili, na asili hiyo ilikuwa nyumbani kwetu. Wanawake waliokuwa wakipita mbele ya mlango wetu kwenda sokoni wakaanza kuzungukia njia ya nyuma.

Baba alikuwa akijibu vilevile kila mara. "Fedha yako ni nyingine." Hakueleza zaidi, hakukasirika. Sanduku dogo la vitu vilivyorudishwa lilijaa, akatafuta jingine.

Na mimi sikuweza kutulia. Niliamka na kufagia ua, na ulipokwisha nikafagia tena. Nilikwenda kisimani ilhali mitungi imejaa. Siku nyingine nilijikuta nimefika stesheni, nimesimama kwenye jua nikitazama mabehewa yakipangwa, bila haja yoyote huko. Nilimwona baba naye yuko hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye kigoda chake kuanzia chai ya asubuhi hadi adhuhuri. Sasa aliketi, akasimama, akafunga mlango, akaufungua. Alihamisha meza yake ya kazi ukuta huu hadi ule, halafu akairudisha. Moyoni nilisema, laana imeingia. Fedha ile imepita mikononi mwake, na sasa imo vidoleni.

Mwezi wa pili tangu maneno yaanze, mama mkwe wangu mtarajiwa alikuja na shangazi wawili. Walipokelewa vizuri, wakanywa chai, wakauliza hali ya kila mtu. Kisha akaomba kuviona vikuku. Mama akavileta. Hakuvigusa.

"Hivi vilitengenezwa lini, dada?"

"Siku chache baada ya yule mgeni," mama akasema. Hakuwa na tabia ya kudanganya.

"Basi tulionelea harusi isogezwe mbele kidogo. Watoto bado wadogo. Hatuna neno na mtu."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Baba alikuwa katika chumba cha mbele, na mlango wa kati ulikuwa wazi, aliyasikia yote. Nikamsubiri aseme neno. Nyundo yake ikagonga mara mbili, ikanyamaza.

Wiki hiyo hiyo mama aliteleza kisimani akavunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Ilikuwa Ijumaa, baba yuko msikitini. Majirani walimleta, na mzee mmoja mwunga mifupa akaitwa. Akaagiza vijiti vinyoofu na kitambaa kirefu cha kufungia. Vijiti nilivipata uani. Kitambaa nikakumbuka kwamba baba huweka vipande vya marekani kwenye kasha lake la vyombo, vya kung'arishia fedha. Nikaenda, nikafungua, nikatoa tupa na koleo, nikachimba mpaka chini. Mkono wangu ukashika mkono wa shati.

Niliutambua kabla sijaufungua. Mafundo mawili, kila ncha moja. Nikaubonyeza nikausikia mduara ndani.

Nilirudi na kipande cha marekani, mama akafungwa mkono, mzee akanywa maji, akaaga. Nilingoja majirani waondoke. Kisha nikaleta ule mkono wa shati, nikauweka kwenye mkeka karibu na mama, nikaufungua. Kekee ilikuwa nzima, na maua yake yote.

Mama aliitazama. "Funga," akasema. "Baba yako akirudi, ifungue mbele yake."

Baba alirudi na kanzu yake ya Ijumaa, akaambiwa habari ya mkono, akachuchumaa kuuangalia, na hapo ndipo nikaifungua kekee mbele yake. Hakuuliza nani aliyeitoa. Alikaa chini, akavua kofia.

"Vijiko ulivitengeneza kwa fedha ipi?" mama akauliza.

"Fedha yangu. Ile niliyoinunua kwa ajili ya mikufu."

"Na hii?"

"Nilitia moto mara tatu. Mara tatu niliishika na koleo. Sikuweza." Akaivuta kwake, akaigeuza, akaonyesha kwa ukucha. "Hesabu majani ya ua hili."

Nilihesabu mimi. Maua yote yalikuwa na majani sita. Lile moja, karibu na bawaba, lilikuwa na matano.

"Niliharibu mimi," baba akasema. "Nilikuwa kijana, nanyi hamjawa katika maisha yangu. Mwalimu wangu alinipa kekee hii ninakshi upande mmoja, ndiyo kazi yangu ya kwanza kwenye fedha ya mteja. Mkono ukateleza. Alinichapa kofi nikaona nyota. Ni wakati wa Mjerumani, reli ndiyo inajengwa. Tulifanyia hapa hapa Tabora."

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa anasema. Mama alielewa kabla yangu.

"Reli inajengwa," akasema, "misafara ya pembe imekwisha."

"Imekwisha."

"Kwa hiyo hakuna mke wa mfanyabiashara."

"Labda alikuwako. Lakini hakuvaa hii."

"Na ulilijua hilo yule mama akiwa amesimama pale."

Baba alilifunika lile ua kwa kidole gumba.

"Ungemwambia," mama akaendelea, bila kupandisha sauti, "angeirudisha kwenye kapu, akaenda nayo kwake. Ndiyo maana hukumwambia. Ukamwacha na hofu yake ili wewe ubaki na ua lako. Halafu wanawake wakaja na hereni zao, ukanyamaza. Wakwe wakaja, ukanyamaza. Mwanao anatembea hadi stesheni kama mtu asiye na kwao, na neno la kumtuliza umelificha chini ya tupa."

Nilikuwa sijamwona baba akilia. Hata siku ile hakulia hasa. Alifuta uso kwa kofia yake, akaendelea kuufuta wakati haukuwa na kitu tena. Nami badala ya kumwonea huruma nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, maana mdomo uliotawanya habari ulikuwa wangu.

"Keshokutwa lori la Ipole linaondoka," mama akasema. "Utaenda nalo. Na huyu atakwenda na wewe, usije ukashuka njiani."

Tulikwenda. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi, mimi na baba, tukielekea kusini. Ile ndiyo njia waliyopita wapagazi, dereva alituambia, na akatuonyesha mahali pa kisima chao cha zamani, ambapo sasa palikuwa na nyasi tu. Miyombo pande zote mbili, mizinga ya magome imening'inia juu. Baba aliuweka ule mkono wa shati ndani ya kanzu, na kila lori lilipotikisika alijigusa kifuani. Mara moja tu aliniuliza, "Vikuku vyako unavipenda?" Nikamwambia sijui.

Nyumba ya yule mama ilikuwa pembeni ya kijiji, imepakwa udongo mwekundu, ua umefagiwa. Alikuwa anamenya mihogo.

"Mwangaluka," akatusalimu kwa Kinyamwezi, kisha akatutambua, akasimama. "Shikamoo, fundi. Kumetokea nini?"

Alitukaribisha ndani. Vijiko vyake vitatu vilikuwa vimechomekwa kwenye kikombe cha bati, vimeshaanza kuingia mikwaruzo ya kutumika. Nilimtupia jicho, alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa ameketi vizuri kwenye kigoda, miguu imetulia. Nilitamani tuseme tumepita tu kusalimia.

Baba alisema yote. Hakujipunguzia. Alimwambia kekee haikuyeyushwa, akamwekea mapajani, akamwonyesha ua lenye majani matano, akamweleza mwaka gani ilifanywa na nani aliyeiagiza. "Kijana mmoja," akasema, "aliyekuwa anabeba mataruma ya reli. Alikuja kila siku kuuliza kama iko tayari. Alisema anaoa Ipole."

"Huyo ni baba mkwe wangu," yule mama akasema. "Alifanya kazi ya reli. Mama mkwe ndiye aliyeletewa." Alikuwa anaipapasa kekee sasa, kwa vidole vyenye wanga wa mihogo. "Ilitoka dukani kwenu ikaja mkononi kwake. Na kwake ikaja kwangu."

"Ndivyo."

"Haikupita kwa mtu mwingine."

"Haikupita."

Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa matusi au kwa furaha. Kuku akaingia ndani, naye akamfukuza kwa mguu.

"Siku niliyoolewa, mama mkwe alinivisha bila hadithi yoyote," akasema. "Hadithi alinipa baadaye. Mume wangu alikuwa amepotea mwezi mzima. Akapita mtu wa Rungwa na nta, akasema amemwona huko, ana nyumba, ana mwanamke. Mimi nikamkatalia. Na jioni ile ile mama mkwe akaniita, akanieleza habari ya msafara na yule mke aliyeachwa. Akaniambia, si yeye aliyeondoka, ni kekee. Nikasema, ndiyo, ni kekee." Akamtazama baba. "Miaka minne, fundi. Na mtoto wangu aliyekufa nikamtia humo humo, na yule aliyeondoka nikamtia humo humo. Sasa umekuja kunitolea wote nje."

"Nisamehe," baba akasema.

"Mama mkwe amekwisha kufa. Siwezi kumwuliza. Alikuwa ananihurumia au alikuwa anamficha mwanawe?"

Hakuwa akituuliza sisi. Baadaye akasimama, akanawa mikono, akaifungua kekee akajivisha mwenyewe mkono wa kulia, akasukuma kipini mpaka kikalia. Akatupikia. Tulikula mihogo na asali, yeye akitumia kijiko chake. Tulipoaga alimwambia baba, "Vijiko sirudishi." Kisha, "Na hao wa Kanyenye uwaambie, kama ulivyoniambia mimi. Nyumba kwa nyumba."

Aliwaambia. Alibeba yale masanduku mawili, akapita kwa kila mwenye kitu chake. Nilimfuata siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa na deni langu la maneno. Mke wa mwoka mikate alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo hereni zangu hazina fedha ile," akasema.

"Hazina hata chembe."

"Lakini ulipokuwa unazitengeneza, yenyewe ilikuwa ndani ya kasha, hapo hapo chumbani."

"Ilikuwamo."

Akazisukuma hereni zirudi kwa baba. "Basi kaa nazo."

Wengine walipokea vitu vyao wakashukuru, nasi hatukuwaona wamevivaa tena. Wengine walisema ile habari ya majani matano ameitunga. Wanaomwamini mfua fedha aliyewaficha jambo miezi yote ile si wengi, wala siwalaumu. Kazi ya mapambo ilipungua mpaka ikafa. Baba akaanza kutengeneza makufuli, taa za chemli na pampu za baiskeli, na aliendelea na hayo mpaka macho yalipomshinda. Mkono wa mama uliunga, ukawa umepinda kidogo.

Kwa wakwe hakwenda baba peke yake. Alikwenda na mama, mkono bado umefungwa. Walirudi bila jibu. Nilikaa siku tisa nikiwaza nitakuwa mtu wa aina gani hapa mjini. Siku ya kumi mchumba wangu alikuja mwenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida, na uzi umemning'inia begani. Alisimama mlangoni kwa baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza tarehe. Nikimngoja mama atapata jingine la kungojea."

Baba alimkaribisha kigoda, nami nyuma ya pazia nikakaa chini pale pale nilipokuwa.

Tulioana baada ya mavuno. Nilivaa vile vikuku, kwa heshima ya baba. Nilijua kwa yakini fedha yake ilitoka wapi. Lakini kutwa nzima nilivizungusha mkononi, nikavivuta juu, nikavishusha, wageni wakiimba, na kabla ya alasiri nilikuwa nimevivua na kuviweka chini ya mto. Mume wangu aliona, akausawazisha ule mto.

Mwaka uliofuata yule mama alikuja Tabora kuuza nta, akatutembelea. Mama alimpokea kama ndugu. Alituambia amekwenda Rungwa. Alisafiri siku nne, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu, akauliza, akaonyeshwa.

"Nilimkuta anachonga mzinga," akasema. "Aliniona, akaendelea kuchonga kidogo, halafu akaweka tezo chini. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia nzuri."

"Kisha?" mama akauliza.

"Kisha akaniuliza mama yake hajambo. Nikamwambia amekufa. Hapo akalia sana. Yule mkewe alinipa maji na mahali pa kulala. Ana watoto wawili, wazuri. Asubuhi nikaondoka."

"Hukumwuliza kwa nini?"

"Nilikuwa nimekwenda kwa hilo. Lakini nilipomwona nilisahau kuuliza, nikakumbuka nimeshafika nusu ya njia." Akamsogezea mama kibuyu cha asali. "Mizinga yake ya Ipole, ile aliyoiacha miaka yote, nimeanza kuirina mimi. Ipo kumi na minne. Miwili ina siafu."

Mama akaanza kumwuliza mambo ya siafu, jinsi wanavyofukuzwa, nao wakaendelea hivyo mpaka wakati wa lori.